Skrini ya Hezi 165 Niliyouziwa na Binamu Yangu

Jamaa aliinama nyuma ya skrini yangu, akashika waya, akautazama, akaanza kucheka.

Alicheka hadi akakaa sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Halafu machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko.

"Dada," akasema, "hii skrini ilikuwa yangu."

Ngojeni nianze mwanzo. Kila siku mnaniuliza kwa nini niliacha gemu na sijibu. Leo najibu, na atakayecheka acheke, nimeshachekwa na wakubwa zenu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Nina chumba kimoja, cherehani dirishani, kompyuta pembeni ya kitanda. Mchana nashona, jioni nafyatua risasi kwenye gemu, na nilikuwa najiona moto wa kuotea mbali.

Mtoto wa shangazi yangu ndiye kapteni wa timu ya mtaani kwetu. Ni timu ya watu watano, wanachezea kwenye ukumbi wa gemu ulio juu ya duka la rangi. Mmoja wao akapata kazi mji mwingine, kikabaki kiti kimoja wazi.

Na wakati huo huo timu ikaalikwa kwenye mashindano nje ya nchi. Tiketi zimelipwa, malazi yamelipwa.

Kile kiti nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka mume. Nasema ukweli.

Tulikuwa tunakigombea wawili: mimi na binti mmoja tuliyemwita Nesi kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Skrini yako hezi ngapi?" Kapteni akaniuliza.

"Sitini."

Akashika kichwa. "Sitini! Yaani adui ameshaingia ndani, wewe bado unaangalia mlango. Chini ya mia na arobaini na nne sikufanyii majaribio, binamu."

Kwa wasiojua, hezi ni idadi ya picha ambazo skrini inabadilisha kwa sekunde moja. Zikiwa chache, mwendo unakatika-katika. Zikiwa nyingi, unateleza. Hakuna uchawi mwingine hapo.

Basi nikabeba akiba yangu ya kununulia mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za vitambaa, nikaenda dukani.

"Chukua hii, dada," muuzaji akaniambia. "Kubwa, imepinda, inakukumbatia."

"Hezi ngapi?"

"Sabini na tano. Lakini ona inavyokukumbatia!"

"Sitafuti mchumba mimi. Ile ya mia mbili na arobaini je?"

Akataja bei. Nikamuuliza kama wana kiti nikae kidogo.

Nilitoka mikono mitupu, roho imenyong'onyea. Jioni hiyo hiyo Kapteni akapiga simu. Anayo skrini yake ya zamani, hezi mia na sitini na tano, ananiuzia mimi tu kwa sababu mimi ni damu yake.

Aliileta mwenyewe. Akaichomeka mwenyewe. Akaifuta vumbi kwa pindo la shati lake, akawasha gemu.

"Umeona inavyoteleza?"

"Naona!" nikamjibu.

Na haki ya Mungu, niliona.

Siku ya majaribio tulicheza kila mtu kwake, kwa intaneti. Nesi alinifagia. Kila nikichungulia kona, nimeshakufa. Timu nzima ilikuwa inasikiliza, na kwenye spika za masikioni nikasikia mmoja wao akisema, "Fundi, hapa hatupigi pasi, tunapiga risasi!" Wakacheka wote.

Kiti akapewa Nesi.

"Pole, binamu," Kapteni akaniambia. "Kama skrini huitaki tena, nitaichukua kwa nusu bei. Nitamtuma Funguo aje kuibeba."

Funguo ndiye mtunza ukumbi. Anafungua, anafagia, anafunga, na kiunoni ananing'iniza rundo la funguo utadhani jela yote ni yake. Ni mtu mzima mwenye mke na watoto. Ndiye huyo aliyekaa sakafuni kwangu akilia.

"Kapteni aliniuzia skrini hii hii, halafu akaichukua tena kwa nusu bei," akasema. "Na mimi zamani niliwahi kugombea kiti. Tazama nyuma, ina matundu mawili. Huu waya wa kawaida, kwenye skrini hii, unaishia sitini. Ule mwingine, wenye kona moja iliyokatwa, ndio unaofika mia na sitini na tano. Ule anabaki nao yeye."

Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akanionyesha. Sitini. Imeandikwa pale, na mimi sijawahi hata siku moja kufungua ukurasa ule.

Nikauchomoa ule waya kwa nguvu.

"Kwa nini hukudai marudiano?" nikamuuliza.

"Ya nini? Kwetu kila mtu anajua nilidhulumiwa. Mke wangu anajua, wanangu wanajua. Nikienda nikashinda, nafasi imeshapita. Nikishindwa... Dada, nisikilize. Baki na hasira yako. Mtu anaishi nayo vizuri tu, mimi naishi nayo."

Nikamwita mwoga. Nilimwambia hivyo usoni, na waya bado uko mikononi mwangu.

Jumamosi mchana nikapanda ngazi za ule ukumbi. Palikuwa pamejaa. Nikautupa waya mezani mbele ya Kapteni.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi wa damu yake mwenyewe! Nataka marudiano, hapa, mbele za watu!"

Nilidhani atabisha. Wala.

Akavua spika zake za masikioni, akanyanyuka. "Kaa kwenye kiti changu. Skrini hezi mia mbili na arobaini, kipanya changu, kibodi yangu, vyote. Nesi, wewe unataka mashine ipi?"

Nesi alikuwa ametoka kazini, viatu vyeupe bado miguuni. "Yoyote," akasema. Akakaa kwenye ile ya mlangoni wanayokodishia watoto, hezi sitini, kibodi imefutika herufi.

Watu wakatuzunguka. Funguo alisimama nyuma kabisa na fagio lake.

Loo, ile skrini jamani! Sitaki kudanganya, ni kitu kingine kabisa. Niliona kila kitu. Nilimwona Nesi anavyotokea, nikaona anavyogeuka, nikaona anavyonilenga. Nilikiona kifo changu kwa raha zote, kwa hezi mia mbili na arobaini.

Kumi na tatu kwa mbili. Na zile mbili zangu, Nesi alikuwa anakunywa maji.

Hakuna aliyecheka safari hii. Afadhali wangecheka.

"Pole, dada," Nesi akaniambia, na alimaanisha. Kofi lingeniuma kidogo kuliko ile pole.

Nikamgeukia Kapteni. Sauti ilinitoka ndogo. "Lakini ule waya..."

"Ule waya nilikuwekea makusudi."

Watu wote wakamgeukia.

"Mama yangu aliniita," akaendelea. "Akasema, huyo mtoto wa kaka yangu hawezi, kila mtu anaona hawezi, lakini anapenda mno, usimvunje moyo. Ningefanyaje? Nikakutafutia sababu. Siku moja ungeuona waya, ungenitukana, ungelala usingizi mzuri maisha yako yote. Mimi matusi nimeshazoea. Nani alikutuma uje hapa?"

Kumbe hata shangazi. Kumbe mezani kwao nilikuwa nazungumziwa kama mgonjwa.

"Na hela yangu uliyokula je?"

"Huruma na biashara havigombani, binamu."

Nyuma, fagio likaanguka.

"Na mimi?" Funguo akauliza.

Kapteni alifumba macho. Nadhani alikuwa amesahau kabisa kwamba Funguo yupo.

"Kapteni, nakuuliza. Na mimi?"

"Funguo, bwana... wewe ulikuwa rafiki yangu."

Kumbe na yeye alitafutiwa sababu. Yule mtu mzima akafungua mkanda, akachomoa lile rundo la funguo, akaliweka mezani juu ya waya. Aliponipita akasimama kidogo.

"Ungeniacha na uoga wangu, dada, ningekuwa salama."

Akashuka ngazi. Hajarudi pale ukumbini mpaka leo.

Sasa nyie mnaoniuliza mnunue hezi ngapi na hela yenyewe ya mawazo, sikilizeni. Uliza kwanza kadi ya picha ya kompyuta yako inatoa picha ngapi kwa sekunde. Ikitoa sitini, hezi nyingine unawanunulia wageni waangalie. Ikitoa zaidi, mia na arobaini na nne iliyotumika inakutosha sana. Kagua waya hapo hapo mbele ya muuzaji, hata kama mmenyonya ziwa moja.

Lakini kama umeshashindwa, halafu ukagundua waya haukuwa wenyewe, funga mdomo. Usitafute ule mwingine. Mimi niliutafuta, na nilichokipata si changu peke yangu.

Juzi mke wa Funguo alikuja kwangu kushusha pindo la sketi ya binti yao.

"Fundi, wewe ulikuwepo siku ile," akaniambia. "Huko ukumbini walimfanya nini mume wangu? Zamani alikuwa anaamka anamtukana Kapteni, anakula anamtukana, mpaka wanangu walikuwa wanamuiga. Nilikuwa nachoka naye. Siku hizi hasemi kitu. Anakaa tu anatazama ukuta. Walimfanya nini?"

Nikajaza pini mdomoni, nikaendelea kupima pindo.