Daftari la Madamu Mwanne

Mwanne Seifu alifundisha Kifaransa miaka kumi na sita katika sekondari moja ya Kinama, mtaa wa Bujumbura, na miaka yote hiyo ni wachache waliomwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Madamu, wazazi walimwita Madamu, hata muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimwongezea sokoni kiganja kimoja juu ya kipimo kwa sababu yeye ni Madamu. Alikuwa mkali, tena mkali wa kweli. Mstari aliutaka upigwe kwa rula, na aliyeupiga kwa ukingo wa sandali aliurudia.

Kisha ikaja kampuni. Ilipanga jumba kule Kinanira, ikaweka meza arobaini, kompyuta arobaini na jenereta moja kubwa, ikatangaza kwamba inatafuta watu wa kupokea simu za Wabelgiji waliokatikiwa na intaneti majumbani mwao. Zamani kazi hiyo ilifanywa na Wabelgiji wenyewe, mpaka wakubwa wao walipokaa wakaona kwamba Bujumbura itafanywa kwa bei ya chini. Hiyo bei yao ya chini, kwa mwalimu wa Kinama, ilikuwa mshahara mara nne. Mume wa Mwanne, Moubarak, ni fundi wa magari mtaani Buyenzi, na tangu mafuta yaadimike magari yamelala na fundi amelala nayo. Nyumbani kuna watoto watatu na mama mkwe. Mwanne alifundisha mara ya mwisho Jumanne, akamkabidhi mkurugenzi wa shule barua ya kuacha kazi, na Jumatatu iliyofuata alikuwa Kinanira na visikilizio masikioni. Wako waliomsema. Mimi simo, maana najua ningekimbia kabla yake.

Kazi aliiweza. Mteja wa Liège akipiga simu anafoka, Madamu alimwacha afoke mpaka pumzi imwishie, kisha akamrudisha polepole kama mtu aliyekosea zoezi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kona inayoonyesha hali ya hewa ya Ubelgiji, ili mteja akisema leo baridi kali, nawe uitikie kwamba kweli baridi kali, huku blauzi imekuganda mgongoni kwa joto la Bujumbura. Baada ya miaka mitatu akapandishwa: awafundishe wapya, na asahihishe mtihani wa kuingilia kazini.

Mtihani wenyewe ni mfupi. Unapewa barua ya mteja mwenye hasira ambaye wiki mbili hana intaneti, unamjibu kwa maandishi. Ijumaa moja asubuhi Mwanne alikuwa akipitia karatasi pamoja na Gaëlle, mkuu wa kituo, binti wa Gihosha aliyesomea Brussels. Ghafla Gaëlle akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Mama Mwanne, sikiliza hii, nakuomba! Mutu anawaka moto, na huyu anamuuliza habari ya wazazi!"

Akasoma. Mpendwa Bwana, nimefurahi mno kupata barua yako. Natumaini wewe na wazazi wako mu wazima. Huku kwetu mvua zimeanza, na maharage ya mama yanaendelea vizuri. Barua ilikwenda hivyo mpaka mwisho kabisa, ndipo mteja akapewa pole ya moyoni kwa ajili ya intaneti yake.

Gaëlle akachukua karatasi ya pili: wazazi, mvua, maharage. Ya tatu vilevile, na ya nne. Zote nne zilitoka Kinama.

"Hawa wameibiana," akasema.

Mwanne hakucheka. Hawakuibiana. Sentensi zile alizijua moja moja kwa sababu ni zake, na maharage yale ni ya mama yake mzazi. Barua kwa rafiki ndilo somo alilofundisha Jumanne ile ya mwisho. Barua rasmi, ya kumwandikia mtu usiyemjua, ingefuata Alhamisi, na Alhamisi haikuwa na mwalimu.

Aliomba kuonana na mmoja wao. Akaingia Chanelle, msichana wa miaka ishirini na moja, ambaye Mwanne alimkumbuka kwenye dawati la dirishani.

"Nani aliwafundisha kuandika hivi?"

"We, Madamu."

"Na kisha mi kuondoka?"

"Kisha we kuondoka, mwalimu mumoja alikuya miezi mbili, naye akapata kazi ya simu. Toka pale, apana mutu. Tulibaki na kaye yako."

Kaye ni daftari. Mwanne alikuwa ameliacha mezani darasani, lile la kuandalia masomo, akadhani lilikwisha fungia maandazi zamani.

"Tulikuwa tunafundishana nayo," Chanelle akaendelea. "Mi mwenyewe njo nilikuwa naishika. Nikamaliza masomo, directeur akaniambia niendelee na batoto ba nyuma. Mushahara apana, lakini naendelea."

"Miaka yote mitatu, na kaye moja?"

"Tukifika mwisho tunaanza tena."

Aibu ilimshika Mwanne hata akashindwa kumtazama binti usoni. Kitu kimoja tu alikitaka tangu dakika ile: lile pengo aliloliacha Kinama lizibwe, na alizibe yeye mwenyewe.

Angeweza kuandika kwamba wamefaulu, maana Gaëlle alimwamini. Lakini anayemuuliza mteja habari za wazazi angefukuzwa kabla ya wiki kwisha. Akawaandikia wote wanne kwamba wameshindwa, kisha akaomba warudie mtihani baada ya mwezi. Gaëlle akakubali bila mabishano. Meza ishirini nyingine zilikuwa njiani, na watu wa kuzikalia hakuwa nao.

Jumamosi ilikuwa siku yake pekee ya kupumzika. Moubarak alimwona anafunga viatu asubuhi, akaguna.

"Mama Soumaya, na hii siku moja unaipeleka Kinama?"

"Kuna somo sikulimaliza."

Alikwenda kwa miguu, maana mabasi yalikuwa kwenye foleni ya mafuta. Chanelle alikuwa amewaita wenzake watatu, na nyuma yao wakakaa wanafunzi wake thelathini na wanane, waliokuja bila kuitwa na mtu. Jumamosi nne Mwanne alisimama katika darasa lake la zamani, mbele ya ubao wenye ufa, akafundisha barua rasmi, ya malalamiko, ya kuomba radhi. Chanelle alinakili yote katika daftari lilelile, akiendeleza kurasa zilizokuwa tupu, na kila kichwa cha somo alikipigia mstari kwa rula. Mwanne alifurahi kupita kiasi. Njiani kurudi Buyenzi alikuwa akicheka peke yake kama aliyeokota kitu.

Mtihani wa pili walifaulu wote wanne, Chanelle wa kwanza. Mwanne akawanunulia mishikaki na ndizi za kuchoma, na Moubarak, ambaye aliguna mwezi mzima, akaja kula na kupongeza.

Jumatatu Chanelle alifika kazini mapema, blauzi nyeupe imenyooshwa mpaka inakata. Kabla ya kuketi akatoa mfuko wa plastiki, akampa Mwanne kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama anavyopewa mtu mzima. Ndani mlikuwa na daftari.

"Madamu, nimekurudishia kaye yako."

"Sasa kwa nini hukuiacha kule?"

"Ningemuachia nani?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kisha akaanza kutafuta mahali pa kuweka mkoba.

Mwanne akatazama saa. Ilikuwa saa mbili na robo, kipindi cha Kifaransa cha Jumatatu. Hata ratiba yake ya zamani shule haikuwahi kuibadilisha. Wanafunzi thelathini na wanane wamekaa sasa hivi mbele ya ubao wenye ufa wakingoja. Mara ya kwanza alijiondoa yeye. Mara hii alitembea kwa miguu Jumamosi nne, akamtoa na yule aliyekuwa amebaki, akala na mishikaki. Hakuna aliyemlazimisha. Hasira ilimpanda, na aliyestahili hasira hiyo hakumpata, kwa sababu Chanelle naye ana mama na wadogo zake, na mshahara huu wanauhitaji.

Akafungua ukurasa wa mwisho. Chanelle alikuwa ameandika Somo linalofuata, akapigia mstari kwa rula. Chini yake hapakuwa na kitu.

Simu ya meza ya Chanelle ikaanza kuwaka taa. Mwanne akaweka daftari chini, akamwonyesha namna ya kuvaa visikilizio na mahali pa kubonyeza. Alimvalisha kinyume, akavivua, akaanza upya.

"Usiogope, Madamu," Chanelle akamwambia akitabasamu. "Nitaweza."