Majivu ya Kukhu Yaliponipa Ukiranja

Enzi zetu pale Busia, sabuni ya sufuria ilitoka chini ya mafiga. Unachota majivu, unachanganya na mchanga, unasugua masizi mpaka sufuria inang'aa ujione meno. Vikombe vyenye madoa ya chai tulivisugua kwa ndimu. Leo watoto wetu wana chupa ya sakafu, chupa ya vioo, chupa ya choo, na bado nyumba inanuka! Haya, tuwaache.

Aliyenifundisha ni Kukhu, mama yake baba. Majivu alikuwa nayo ya aina mbili. Ya kuni yalikuwa ya vyombo, na ya kunyunyizia mboga alfajiri, umande ungalipo, wadudu wakimbie. Ya maganda ya maharagwe aliyachuja kwa maji, akapata musherekha, maji makali ya kulainishia mboga ya mrenda. "Kila jivu na kazi yake," alikuwa akisema. "Usichanganye."

Mimi nikachanganya. Tulikuwa darasa la saba, kila mwanafunzi na tuta lake la sukuma wiki, na mwenye mboga bora angekuwa kiranja wa shamba. Niliutaka ukiranja ule jamani! Mwalimu wa kilimo akanicheka mbele ya darasa: "Wewe endelea na majivu ya bibi yako. Wenzako wananyunyizia dawa." Iliniuma, maana aliyedharauliwa pale ni Kukhu. Nikawaza, kama majivu makavu yanafukuza wadudu, musherekha mkali utawamaliza kabisa. Nikaiba kibuyu kizima, nikamwagia tuta. Siku ya pili miche yote imekauka kama tumbaku.

Nililia we! Kukhu hakunipiga. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mjukuu wangu, umeamua kupika mboga zingali shambani?" Kesho yake akaja shuleni mwenyewe na gunia kuukuu. Tukalijaza udongo na samadi, mawe katikati ya kupitishia maji, tukalitoboa ubavuni na kupachika machipukizi ya sukuma yake. Toka hapo kila alfajiri nilikuwa pale na majivu, safari hii ya kuni.

Siku ya kukaguliwa, tuta la Nekesa, binti wa muuza dawa za mimea, lilipendeza kuliko yote. Roho ikanishuka. Kisha mwalimu mkuu akasema mboga za mshindi zitapikwa leo leo, ziliwe na wageni waliokuja kukagua. Akamuuliza Nekesa amenyunyizia dawa lini.

"Jana jioni, mwalimu."

Mwalimu mkuu akasogea kwenye gunia langu, akachuma jani, akalipangusa majivu, akalitafuna bichi. Nilijipigia kigelegele mwenyewe! Mwalimu wa kilimo alikula sahani mbili.

Siku hizi bustani ya gunia ni semina. Zamani tulifundishwa tumechuchumaa, mikono ina samadi. Sasa unafundishwa kwenye kiti cha hoteli, maji ya chupa mezani. Juzi nilialikwa moja ng'ambo ya mpaka, Tororo. Kijana mwenye kompyuta akatuonyesha picha za gunia na majivu, kisha akauliza nani amewahi kujaribu. Nikasimama. Akataka kujua nilisomea chuo gani. Nikamtajia jina la Kukhu, la ubatizo na la ukoo, nikamwambia aliandike ubaoni. Sikukaa mpaka alipomaliza.