Mlango Uliotiwa Grisi

Juu ya mlango wa nje kuna kibao alichochonga seremala mwenyewe: MALAZI NA CHAI YA ASUBUHI. Seremala alizikwa mwaka jana. Mkewe, ambaye wageni humwita Mama Chai, bado anatandika kitanda cha chumba cha wageni, anakunja taulo, anachemsha maji. Hakulia mazikoni, na hakulia baadaye. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa kiume. Yeye alijiona kama mkono uliolaliwa vibaya: upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Kwa hiyo mdogo wa marehemu alipokuja na habari ya kuivunja nyumba ili ijengwe hoteli, hakukasirika wala hakufurahi.

"Nyumba ni yako, shemeji, neno ni lako. Utapewa chumba humo humo, ukae kama malkia. Kutakuwa na lifti!"

"Sawa."

"Sawa ya ndiyo, au sawa ya niondokee?"

"Njoo kesho baada ya chai."

Jibu alikuwa nalo tayari: ndiyo. Kukataa kunataka nguvu.

Jioni ile aliingia mgeni, fundi wa pampu za maji.

"Kampuni ilinipangia hoteli, mama, nimetoroka," alisema akivua viatu. "Kule hata ukipiga chafya hakuna wa kukuambia pole."

"Hapa utaambiwa," alijibu Mama Chai bila kutabasamu. "Yai unalipenda vipi?"

"Lisikauke tu."

Hakumuuliza ataamka saa ngapi. Nyumba ile haikuwauliza wageni swali hilo, kwa sababu mlango wa chumba chao ulilia kama mbuzi aliyekanyagwa. Majirani walimcheka seremala, mganga hajigangi, naye akawajibu, "Mwacheni, huyo ndiye mhudumu wetu." Mlango ukilia, Mama Chai huwasha jiko. Mgeni akimaliza kunawa uso, yai liko mezani, la moto. Hoteli gani inakusikiliza hivyo?

Asubuhi alikaa jikoni akisubiri. Jua likaingia dirishani, likapanda ukutani. Kimya. Alipotoka kuchukua kikombe, alimkuta mgeni mezani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri daktari.

"Umepita wapi wewe?"

"Mlangoni, mama."

"Mbona sijakusikia?"

Mgeni akakunjua uso. "Si nimeutia grisi jana jioni! Nikasema nikusaidie, mlango ulikuwa unapiga makelele. Ni grisi ya pampu ile, haitoki leo wala kesho."

Mama Chai akaenda, akausukuma mlango. Ukafunguka kimya. Akaurudisha. Kimya. Kitu kikampanda kutoka tumboni, na ilimchukua muda kukitambua. Ilikuwa hasira.

"Nani kakutuma umnyamazishe?" alipaza sauti. "Nani kakutuma?"

"Mama, nisamehe, nilidhani..."

"Usidhani! Lete beseni!"

Shemeji alipofika aliwakuta wote wawili sakafuni. Mama Chai alikuwa akisugua bawaba ya chini kwa brashi na sabuni, na mgeni ameshika beseni la maji yanayotoa mvuke, bado hajatia kitu tumboni.

"Shemeji, kulikoni? Nimefuata jibu langu."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Nyumba haivunjwi."

Shemeji akamtazama mgeni. Mgeni akatazama beseni.

"Jana si ulisema sawa?"

"Jana mlango ulikuwa unalia. Kaniletee chumvi jikoni."

"Chumvi ya nini tena?"

"Bawaba ishike kutu."

Shemeji akaenda, akinung'unika kwamba wazimu umeingia nyumba ya kaka yake. Mgeni akakohoa kidogo.

"Mama, na lile yai?"

"Subiri mlango ulie."

Akachovya tena brashi. Maji yalikuwa ya moto mno. Vidole vilianza kumuuma, kimoja kimoja, naye hakuvitoa.