Mgeni Niliyemdhamini

Nakumbuka siku moja nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikianika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni hapa Rumonge, nilisema maneno mawili ambayo hadi leo yananiuma. Mwanangu, kunywa uji wako huku unanisikiliza. Kesho umeitwa parke, mbele ya mwendesha mashtaka, useme ulivyomwona yule mtu akimchukua mtoto wa jirani, na nimesikia kuna watu wanaokuomba unyamaze.

Mama mmoja mgeni alikuja kununua ndagala kwangu siku tatu mfululizo. Mcheshi, mwenye maneno matamu. Akanipa kitenge. Akasema anatafuta msichana wa kwenda naye ng'ambo ya mpaka, amsomeshe, amfundishe kushona. Nikampeleka kwa jirani yetu, Mama Zuhura, ambaye binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Huyu unamujua?" Mama Zuhura akaniuliza.

"Namujua sana," nikajibu. Kitenge nilikuwa nimekivaa.

Kesho yake asubuhi shangazi yangu, Bi Mwamini, alisikia kuwa Zuhura ameshaondoka. Akaweka kikombe chini.

"Huyo mama kwao ni wapi? Ndugu zake akina nani?"

Nikasema tu kwamba alinunua ndagala kwangu siku tatu.

"Basi umetoa mutoto wa watu kwa mutu usiyemujua," akasema taratibu. Afadhali angenipiga.

Tulikodi teksi, tukawafikia Kigwena, ambako polisi alikuwa amesimamisha gari lao. Ndani mlikuwa na Zuhura na wasichana wengine wawili. Zuhura aliponiona akaanza kulia. Alikuwa amefundishwa kusema yule mgeni ni mama yake mdogo. Shangazi akamshusha na kumfunika kanga yake.

Polisi akatuambia wazazi wamekubali wenyewe, hana sheria ya kumshikia yule mama. Gari likaondoka na wale wawili. Nyumbani nilitaka twende tukashtaki, lakini Mama Zuhura akasema, "Mutoto iko hapa, murakoze, asanteni, tuyaache." Nami, kwa haya, nikayaacha. Wale wawili sikuwahi kujua hata majina yao.

Siku hizi sheria imekazwa, mwanangu. Mzazi akubali asikubali, anayemchukua mtoto akamtumikishe ana kosa, na anafungwa. Lakini hakimu hakuwepo pale kwa jirani. Wewe ulikuwepo.

Kwa hiyo nenda. Sema ulichokiona, usiongeze, usipunguze. Wakikuambia yamalizwe kifamilia kwa kreti ya bia, kataa kwa adabu, maana mtu huyo akiachwa hapa atabisha hodi kwa wengine, kule Muhuta. Na usimdhamini mtu kwa sababu tu amekuchekea.

Mungu akutie nguvu, mwanangu, auongoze ulimi wako. Akulindie watoto wako na wa wenzako, kila jioni mama zao wawaite kwa majina na wote waitike. Amina.