Leso Katika Chumba cha Hamira

Mzee Lusweti hakuwa na mzaha na hamira. Aliilea miaka kumi na mmoja katika kiwanda chetu kidogo cha Kapseret. Hamira hiyo hutengeneza kimeng'enya, nacho hugeuza sukari ya maziwa kuwa chakula cha bakteria wazuri wa tumboni, chakula ambacho tulikichanganya kwenye uji wa watoto. Hamira ya nje ikiingia, hata chembe, tangi zima linaharibika. Siku moja alinirudisha nyumbani Kimumu kwa sababu nilikuwa nimekanda mkate asubuhi. Nilimchukia wiki nzima.

Aprili alimzika mama yake kwao Kimilili, akarudi kazini upesi mno. Jumatatu tuliingia sisi wawili kuanzisha tangi jipya. Alhamisi likanuka pombe. Meneja wetu, Gichuru, hakuchelewa kukumbuka ule mkate.

"Jepchumba, kesho ndio siku yako ya mwisho hapa."

Nililia kwa hasira. Sikuwa nimegusa unga tangu siku ile. Lusweti alisimama pale pale bila kunitetea, na hilo liliniuma kuliko maneno ya meneja.

Ijumaa asubuhi, nikiwa ofisini kurudisha funguo, aliingia akatoa mfukoni kipande cha leso kilichopauka.

"Ni mimi, boss. Hii ni ya mama. Alikuwa anajifunga hii akipika busaa, na hiyo pombe ndio ilinisomesha. Jumatatu ilikuwa ndani ya koti yangu. Machozi ilinishika, nikajipanguza nayo. Huyu msichana hana makosa."

Gichuru aliinamisha kichwa. Kisha akamfuta kazi, kwa sauti ya chini.

Kitu chenye hamira ya nje hakitoki getini kabla ya kupitishwa kwenye mtungi wa mvuke unaoua kila chembe hai. Lusweti hakungoja kuambiwa. Alikitia kile kipande mwenyewe, akafunga kifuniko, akaketi mbele yake kama mtu anayesubiri nje ya wodi. Kazi yangu ilikuwa imepona, nami niliona haya kufurahi.

Mtungi ulipofunguliwa alikitoa kikiwa bado cha moto, akakiweka puani. Akakigeuza, akanusa tena.

"Jepchumba, hebu nusa wewe. Siisikii harufu ya mama, labda ni pua yangu."

Nilinusa. Sikusikia chochote, si busaa, si moshi, si mtu.

"Iko, mzee," nikamwambia. "Naisikia."