Mikebe Mitatu ya Kwato za Deisi

Mimi naitwa Bundi, wa Kanyakine. Nilimaliza darasa la nane, kisha nikafanya kazi ya bustani miaka kumi na sita katika shamba moja la mzungu kule Timau. Farasi wa shamba walikuwa na saisi wao, Liban, na mimi nilikuwa na maua yangu. Lakini kulikuwa na farasi jike mmoja mzee, Deisi, aliyekuja kwenye ua kila nilipokuwa nikiupogoa, akasimama hapo tu. Mimi si mtu wa maneno. Yeye pia hakuwa. Tulielewana.

Mwenye shamba alipouza ili arudi kwao, alituita mmoja mmoja akauliza kila mtu angependa kubaki na nini. Mimi nilitaka mashine ya kukata nyasi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi ile sentensi tangu asubuhi. Lakini siwezi kumtazama mkubwa usoni, kwa hivyo nikatazama dirishani, na nje alikuwa amesimama Deisi. Mzee akaangalia nilikoangalia, macho yakamjaa machozi, akanishika mkono.

"Nilijua," akasema.

Nikatoka hapo na farasi.

Mke wangu Kathambi alitupokea langoni.

"Baba Mutwiri, ulisema unaleta mashine. Hii ni nini?"

"Ni farasi."

"Naona ni farasi. Anakamuliwa?"

"Hapana."

"Analima?"

"Hapana."

"Basi ni mgeni," akasema, akachukua panga kwenda kumkatia nyasi za nepia.

Huku kwetu mashamba ni madogo, na mnyama wa maana hatembeitembei. Anakaa bandani na kuletewa kila kitu. Tulimfunga Deisi kando ya ng'ombe wetu, sehemu ile ile, tukamtunza vile vile: nepia asubuhi, jioni unga wa ng'ombe wa maziwa uliochanganywa na molasi. Alinenepa. Majirani waliopita walisema tunajua kufuga, nami nilijisikia vizuri, ingawa hakuwahi kula hivyo kule Timau.

Mwezi wa tano akaanza kuchechemea. Kwato za mbele zilikuwa zimepasuka, na ukwato wa kulia ulikuwa na ufa unaopanda kutoka chini. Nilimwita daktari wa mifugo, Mwongera. Kazi yake ni ng'ombe, na alilisifu banda letu kabla hajainama.

"Bundi, ufa huu ukifika kwenye manyoya, hatasimama tena," akasema. "Na farasi asiyesimama hawezi kuishi. Nitarudi baada ya miezi mitatu. Nikikuta umepanda, nitakuwa na sindano ya kumlaza, na hataamka. Kwa sasa mtafutie madini ya kwato."

Nilitaka kuuliza madini gani. Nilipolipata neno, pikipiki yake ilikuwa imeshatoka langoni.

Nilienda Nkubu, kwenye duka la dawa za mifugo. Anayeuza ni msichana wa kutoka Embu, Wanjira, ambaye wateja wote humwita daktari.

"Daktari, nataka madini ya kwato."

"Ya ng'ombe, mbuzi ama punda?"

"Farasi."

"Sema kwa sauti, mzee."

"Farasi!"

Duka lote likageuka. Mzee mmoja aliyekuwa na gunia la chakula cha nguruwe akacheka. "Nkubu tumeendelea! Kesho mtu atakuja hapa kumnunulia twiga dawa."

Wanjira alipanga mikebe mitatu mbele yangu. Wa kwanza ulikuwa na picha ya farasi, na maandishi ya lugha ambayo hata yeye hakuijua. Uliagizwa na mteja ambaye hakurudi. Wa pili ulikuwa chumvi ya madini ya ng'ombe, yenye zinki na shaba. Wa tatu ulikuwa vitamini ya kuku.

"Ya kuku?" nikauliza.

"Ina biotini, mzee. Biotini ndiyo ya kwato. Na ndani wameweka dawa ya kuzuia kuhara damu, kwa hivyo unapata faida mara mbili."

"Sasa ipi ni nzuri?"

"Inategemea. Kwanza anakula nini?"

Nyuma yangu watu walikuwa wakisubiri, na yule mzee alikuwa ameinamisha kichwa ili asikie vizuri. 

"Nipe yote," nikasema.

Nyumbani niliipanga mezani nikavaa miwani. Mmoja ulisema kijiko kwa siku, kama nimeelewa mchoro. Mwingine ulisema kipimo kwa kila lita ya maziwa inayotoka, na Deisi hatoi hata tone. Ule wa kuku ulisema pakiti moja kwa vifaranga elfu moja. Nilikaa muda mrefu nikijiuliza Deisi ni sawa na vifaranga wangapi. Nilipata mia nane, halafu nikapata elfu mbili. Mwishowe nikaona ule wa kuku ndio wenye neno biotini kwa herufi kubwa, nikachukua bakuli la kuchanganyia.

"Si umpigie yule saisi kwanza?" Kathambi akasema.

"Nitamwambia nini?"

Akanipokonya simu akapiga mwenyewe. Liban siku hizi anapakia malori Makutano.

"Bundi yuko hai?" sauti ikasikika. "Miaka kumi na sita sijamsikia akiongea, na leo pia anayeongea ni mke wake!"

Kathambi akamsomea mikebe. Alipofika ule wa tatu, kicheko kikakatika.

"Mama, weka hiyo chini. Hiyo dawa ya kuhara damu ya kuku inaua farasi. Ameshakula?"

Nilitazama bakuli mkononi mwangu. "Bado," nikasema. Sijui kama alinisikia.

Liban alikuja Jumamosi na tupa yake ya kusawazisha kwato. Alisimama mlangoni mwa banda akashika kiuno.

"Bundi, kwani umemfanya ng'ombe? Anasimama kwenye mkojo usiku na mchana. Hatembei. Na huo unga mtamu unampandisha joto mpaka ndani ya kwato."

"Nilitaka kuuliza kuhusu mikebe," nikasema.

"Mikebe baadaye. Mtoe kwanza."

Alimkata kwato na kuzipiga tupa. Akasema unga na molasi viishe, apewe nyasi kavu, alale pakavu, atembezwe kila siku. Mkebe wenye picha ya farasi nimpe kijiko kimoja. Ule wa ng'ombe ukae kwa ng'ombe, na wa kuku kwa kuku. Akaniambia pia ukwato huota kutoka juu polepole sana, na hata dawa nzuri haizibi ufa, ufa husukumwa chini na ukwato mpya. Hilo lilinichanganya zaidi. Nilikuwa nimetafuta cha kuongeza, na yeye alikuwa akipunguza.

Miezi mitatu nilimtembeza Deisi barabarani, watoto wa shule wakinifuata. Mwongera aliporudi, begi lake lilikuwa limevimba upande mmoja. Aliinama, akafuta ukwato wa kulia kwa kidole gumba. Chini ya manyoya kulikuwa na ukanda mpya wenye upana wa vidole viwili, laini, hauna ufa. Alirudisha begi kwenye pikipiki bila kulifungua.

"Huu umeota vizuri," akasema. "Ulimpa nini, niwaambie wengine?"

Nilifikiria mkebe, nyasi kavu, sakafu, tupa, barabara, na unga ambao sikumpa.

"Daktari," nikasema, "sijui ni kipi kilichomsaidia. Naogopa kuacha hata kimoja."

Kisha nikachukua kamba, kwa sababu saa ya kumtembeza ilikuwa imefika.