Bunduki ya Mupepo

Mume wangu hakuwa mtu wa kukubali kwamba kitu kimekufa. Injini ya mtumbwi ikifikishwa nyumbani kwetu Nchelenge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, na wenyewe wakiapa kwamba imekwisha, yeye aliketi nayo chini, akaifungua, akaipangia vyuma vyake kwenye gunia kana kwamba anamvua nguo mgonjwa. Nilimpenda kwa hilo. Kwa hilohilo pia nilimchoka, maana nyumbani mwangu hapakuwa na sufuria ambayo haikuwahi kuoshewa kabureta.

Bunduki aliachiwa na Mgiriki mmoja, mnunuzi wa samaki, alipofunga duka lake na kuondoka. Haikuwa ya baruti. Chini ya mtutu wake kulikuwa na bomba la kutia vichupa viwili vya chuma vyenye ukubwa wa kidole gumba, vilivyojaa gesi ileile inayotia povu kwenye soda. Gesi ikiisha, unatupa vichupa na kuweka vingine. Mgiriki alituachia na kasha zima.

Kwangu mimi ile bunduki ilikuwa mlinzi. Nilikuwa nikinunua samaki waliotoka kisiwa cha Chisenga, nawapasua, natia chumvi, nawaanika kwenye vichanja nyuma ya nyumba, kisha nawauzia kina mama wa Kongo waliovuka ziwa, watu wa kwetu, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa ng'ambo ile. Mwewe nao walikuwa wateja wangu, ila wao hawakulipa. Mume wangu alitundika mfuniko wa pipa juu ya mti, akawa anaupiga risasi kutoka barazani. Ukilia, mwewe wote wanatawanyika. Hakupenda kuua ndege. Risasi zenyewe aliziyeyusha kutoka kwenye vizamisho vya nyavu mbovu.

Kisha vichupa vikaisha. Miaka ile ya sabini mpaka wa kusini ulifungwa, vitu vya huko vikaacha kufika, na madukani ukiuliza sabuni unaangaliwa kama mtu aliyeuliza dhahabu. Nani angekuletea vichupa vya gesi? Mwewe walijua kabla yetu. Walikuja wakatua kwenye vichanja bila haraka.

"Gazi inasukumaka tu," mume wangu aliniambia, bunduki ikiwa mapajani. "Mupepo nayo inasukumaka. Tofauti ni nini?"

Tofauti ilimchukua majira yote ya baridi. Pampu ya baiskeli haikufua dafu. Akatengeneza yake kutokana na fimbo ya shokapu ya gari bovu, nyembamba sana, nami nikamwambia mtoto wa mtu anadhani atajaza bunduki kwa kijiti. Akanieleza kwa upole kwamba wembamba ndio siri: tundu likiwa dogo, uzito wa mtu mmoja unatosha kuusukuma upepo mpaka ukose pa kwenda. Akachonga kizibo cha shaba kwa tupa, akakitia kivalvu cha pampu ya dizeli, kile kinachoruhusu kitu kupita mbele na kukizuia kisirudi. Na kabla ya kulijaza bomba hewa, alilijaza maji na kuyakandamiza kwa pampu. Maji yakipasua chuma yanamwagika tu, alisema, lakini hewa inarusha vipande. Mpaka leo nikikumbuka jambo hilo namvulia kofia. Fundi mwenye haraka angekwisha kuitwa marehemu.

Siku alipoijaza hewa alitufukuza sote nyuma ya ukuta. Alisukuma mpaka shati likaloa, akalenga mfuniko, akavuta. Tik. Basi, tik tu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakukasirika. Aliigeuza bunduki huku na huku, kisha akatabasamu: upepo ulikuwa mwingi mno, ukaubana mlango wake wenyewe, na nyundo ndogo ya ndani haikuwa na nguvu ya kuufungua. Akapunguza kidogo, akavuta tena, na mfuniko ukalia hadi mwewe wakasahau njia. Baadaye alibadilisha springi ya nyundo, ikawa nzuri kuliko zamani. Gesi ilikuwa ikilegea asubuhi za baridi. Upepo haukujali baridi.

Sasa niseme habari ya mama yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa kanisa hasa, Mbemba wa pwani hii ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alikuwa na donda moja: tangu mumewe azame ziwani, mwanawe hakukanyaga tena kanisani. Hakumgombeza. Alimwombea tu, mwaka baada ya mwaka, na kila Jumapili alipita mbele ya nyumba yetu polepole kuliko ilivyohitajika.

Siku moja alinikuta vichanjani, akauliza, "Mutoto wangu, gazi ya hii bunduki inatoka wapi tena?"

"Gazi ilishaisha, mama. Sasa inapigaka na mupepo."

"Na mapepo?"

"Ee, mama. Anaijazaka kila asubuhi, mbele ya chai."

Aliweka mkono mdomoni. Macho yakamjaa machozi, nami nikadhani ni moshi wa jiko langu.

Kwetu mupepo ni upepo, basi, nami nilidhani ametamka vibaya tu. Lakini kwa Kibemba mapepo ni sala, na wakati ule Kibemba changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Mama wa watu aliondoka pale akijua kwamba mwanawe anasali kila asubuhi kabla ya chai, na kwamba Mungu anamjibu kwa kufukuza mwewe. Jumapili alisimama akashuhudia. Kanisa zima likapiga makofi.

Maneno hayakai kanisani. Yalishuka mpaka bandarini, na huko wanawake wa Kibemba wakawasimulia kina mama wa Kongo, kwa majivuno na kwa Kiswahili, kwamba fundi wetu anapiga bunduki kwa mapepo. Nani mwenye Kiswahili chake asiyejua mapepo ni nini?

"Beko banasema bwana yako anatumikaka na mapepo," aliniambia mkubwa wao, mwanamke mnene niliyemuuzia tangu nianze. Alikuwa amesimama mbali na vichanja. "Shiye hatukule samaki ya mapepo, dada. Pardon."

Biashara ikadoda. Samaki walirundikana, wadudu wakaanza kuwaingia, na mimi nikiwa nimetia kila kitu changu humo. Nilipoelewa neno lilikopindia nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikakauka. Ili kuwaondolea Wakongo mashetani, ilikuwa lazima nimnyang'anye mama mkwe sala. Nilimwambia mume wangu yote. Akasema, "Baite bote. Na mama pia."

Walikuja Jumamosi. Mume wangu alimpa yule mnene pampu. "Sukuma weye mwenyewe." Akasukuma, akatweta, akavuja jasho, wenzake wakimchekelea. Kisha mume wangu akalegeza kizibo, akamwambia aweke mkono. Ukatoka upepo mkali, wa baridi.

"Mupepo!" alipiga kelele. "Ni mupepo ya bule!"

Walicheka wote, na kabla kicheko hakijaisha wengine walikwisha kuinama kwenye samaki wangu wakichagua. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa namtazama mama mkwe, aliyevaa kitenge chake cha kanisani. Alisogea taratibu, akaweka kiganja chake pale upepo ulipokuwa unaishilizia.

"Mupepo," alisema, kama mtu anayejifunza neno. "Haiko mapepo."

Niliumia kumwona. Alionekana kuzeeka palepale.

Mume wangu aliweka bunduki chini. "Bunduki inapigaka na mupepo, mama," alisema. "Mapepo ilikuwa ya miye. Siku ya kwanza niliogopa itapasuka."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta siku hiyo ya kwanza, na masikio yangu ni mazima. Nilichosikia wakati anasukuma kilikuwa matusi, ya Kibemba na ya Kiswahili kwa zamu. Nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mama alimtazama sana. "Mara ngapi?"

"Mara moja."

Alipangusa kiganja kwenye kitenge. "Kesho utanisindikiza mpaka ku mulango ya kanisa."

"Mpaka ku mulango tu, mama."

"Mpaka ku mulango tu."

Waliondoka asubuhi, yeye akiwa amembebea mama kiti chake. Mume wangu alirudi jua likiwa utosini, na kanisa lenyewe lilikuwa palepale ng'ambo ya barabara.